Unga wa mkate usio na ngano: Moshi na Arusha naupata wapi kwa bei ya kawaida?

MamaNuru (Pasua, Moshi)

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada kwa yeyote mwenye uzoefu.

Binti yangu ana miaka 9. Kwa muda mrefu alikuwa anakonda, tumbo linajaa gesi, damu kila tukipima iko chini. Tulipewa dawa za minyoo, tukapewa vidonge vya kuongeza damu, tukaambiwa tumpe rosela na maini. Mwisho tukafika kwa daktari bingwa, akapimwa damu, akaingizwa kamera, tukaambiwa ni siliaki: utumbo wake haupatani na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Dawa hakuna. Ni kuacha kabisa, maisha yake yote.

Mchana na usiku sina shida. Nyumbani tunakula ndizi, wali, makande na ugali, na mtoto ameanza kunenepa, namshukuru Mungu. Shida ni asubuhi, na zaidi shuleni. Wenzake wakifungua vikontena ni mkate, chapati, maandazi. Yeye ni viazi vitamu na mayai, kesho viazi vitamu na mayai. Siku hizi anarudi na kikontena kama nilivyokifunga. Anataka mkate wa kupaka siagi, basi, hataki kingine.

Nilipata pakiti ya unga mchanganyiko kutoka nje kwenye supamaketi moja Arusha, nusu kilo sh. 32,000, inatoa mkate mmoja. Ulitoka mkavu, unapukutika ukiushika. Baba yake ni fundi gereji, mimi nauza vitenge. Bei hiyo hatuiwezi hata mara moja kwa mwezi.

Kuna anayejua duka lenye unga wa aina hii kwa bei nafuu, Moshi au Arusha? Au kuna anayechanganya mwenyewe ukawa mtamu kweli, si wa kula kwa kulazimishwa? Na jingine: mwaka huu anapokea Komunio ya Kwanza, na hostia, kile kimkate kinachotolewa kanisani, ni ya ngano. Sijui pa kuanzia.

BintiTanga (Majengo, Moshi)

Mama Nuru, pole sana, na hongera kwa kumfikisha mtoto mpaka kwenye kamera. Wengi wetu tuliishia kwenye dawa za minyoo miaka na miaka. Mimi mwenyewe nina siliaki, ni mtu wa Tanga niliyeolewa huku, na kazi yangu ni kuoka. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu.

Acha kutafuta pakiti. Chukua ile uliyonunua, isome nyuma. Utakuta unga wa mchele, wanga wa muhogo au wa mahindi, sukari, chumvi, na kitu kimoja cha kushikisha, ama zanthani ama maganda ya isabgol. Hakuna siri nyingine mle ndani. Pesa yako imelipia meli, ushuru, na ukaguzi. Ukaguzi una thamani yake, sitaki kuudharau: kwa kiwango cha kimataifa cha Codex, chakula kinachoandikwa hakina gluteni hakitakiwi kuzidisha miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Lakini mchele wenyewe unalimwa hapo Mabogini na Kahe, muhogo uko kila soko, na mtama mweupe unauzwa kwa debe. Kinachokosekana jikoni kwako ni hicho cha kushikisha tu.

Ngano ukiikanda inavutika, na ule mvuto ndio unaoishika hewa ya hamira mkate ukaumuka. Mchele na muhogo havina mvuto huo. Isabgol ni maganda ya mbegu ndogo, ukiyatia kwenye maji yanavimba ndani ya dakika chache yakawa ute mzito, na ute huo unashika hewa badala ya gluteni. Uliza maduka ya viungo ya Wahindi pale mjini, au duka la dawa, maana watu wengi huyanunua kwa ajili ya kulainisha choo. Chukua yale matupu, meupe, yasiyo na ladha ya chungwa wala sukari. Boksi langu la mwisho la gramu 100 nilinunua sh. 9,000, nalo linatoa mikate mitano.

Sasa nisikilize vizuri kwenye mashine ya kusaga, maana hapa ndipo watu wanaumwa upya huku wakiapa hawajagusa ngano. Usinunue unga wa mchele wala wa mtama uliosagwa, na usipeleke nafaka zako kwenye mashine ya mtaani. Simama pale kibandani asubuhi utazame. Huyu anasaga dona, anayemfuata ana lishe ya mtoto yenye ngano na soya ndani, wa tatu ana mtama. Unga wote unapita kwenye mashine ile ile na kushukia kwenye soksi ile ile ya kitambaa iliyofungwa kwa kamba. Ukiigonga ile soksi kwa mkono, vumbi linalodondoka ni la wote waliotangulia. Na sisi watu wa Kaskazini tuna ngano nyingi kuliko tunavyodhani, maana inalimwa West Kilimanjaro na Karatu, shayiri pia, kwa hiyo watu huisaga na kuichanganya kwenye lishe bila kufikiri mara mbili.

Saga nyumbani. Mchele uchambue, uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, uloweke saa nne hivi, uchuje, uutandaze juu ya kitambaa kisafi ndani ya nyumba, si barazani kwenye vumbi. Ukiushika ukaona haulowanishi vidole ila bado unavunjika kwa meno kirahisi, ndio wakati wake. Saga kidogo kidogo kwenye kile kikombe kidogo cha blenda cha viungo, chekecha kwa chekeche la chai la matundu madogo, makapi yarudishe yasagwe tena. Unga ukiukwaruza kwa kidole bado una mchanga mchanga, mkate utakuwa na mchanga mchanga. Kisha uanike ukauke kabisa kabla ya kuhifadhi. Mtama mweupe unachambua kwa makini zaidi kwa sababu mara nyingine utakuta punje za ngano humo humo, kisha unausaga mkavu.

Wanga wa muhogo si unga wa muhogo, usije ukachanganya. Unga ni muhogo mzima uliokaushwa ukasagwa. Wanga unautoa hivi: menya muhogo mtamu, ukwangue kwa kikwangulio cha karoti, tia maji, kamua kwenye kitambaa kama unavyokamua tui. Maji yale yaache kwenye beseni yatulie. Chini itaganda tabaka nyeupe ngumu, ukiibonyeza inakupinga, ukiacha inateleza. Mwaga maji ya juu, tia mapya, koroga, acha itulie tena, mwaga. Kwangua, anika, ponda. Unapata kidogo, kilo ya muhogo inanipa kama gramu 150, lakini ndio unaoupa mkate ulaini.

Kwa mkate mmoja: unga wa mchele gramu 200, wa mtama mweupe 150, wanga wa muhogo 150. Nunua mizani ndogo ya jikoni, vikombe vinadanganya kwenye unga wa aina hii. Chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula, hamira vijiko viwili vya chai. Pembeni chukua maji ya uvuguvugu kama mililita 430, mwagia gramu 20 za isabgol (vijiko vitano vya chakula hivi, vya kawaida visivyo vya kilima), koroga upesi, subiri mpaka pawe kama ute wa bamia. Tia mayai mawili na mafuta vijiko viwili, changanya na unga. Usikande, hakuna cha kukanda. Utapata kitu kizito cha kunata, si donge la chapati wala si uji wa vitumbua, kiko katikati. Watu wengi hapa huogopa wakaongeza unga, na huo ndio unaoleta mkate mkavu. Lowesha mkono, sawazisha kwenye tini iliyopakwa mafuta, funika, uumuke mara moja tu mpaka ukaribie ukingo. Kwa joto letu la Moshi, saa moja au chini ya hapo. Oka kwa moto wa 190 saa nzima. Ukiupiga kwa chini usikike mtupu.

Kisha usiukate. Najua harufu imejaa nyumba na mtoto amesimama na kisu. Mkate wa aina hii ukikatwa wa moto unanata ndani na kupukutika nje hata kama unga ulitoka Ulaya. Uache upoe kabisa juu ya waya.

Hesabu yangu ni hii: mchele 600, mtama 300, muhogo 1,000, isabgol 1,800, mayai 800, hamira, mafuta na sukari tuseme 700. Shilingi 5,200. Bado ni ghali kuliko mkate wa dukani, siwezi kukuficha, lakini si 32,000.

Halafu nikwambie la nyumbani kwetu. Mtoto wako hahitaji kuanza na mkate wa kuiga. Pwani tuna mkate wa kumimina, ambao tangu hapo ni mchele mtupu. Vikombe viwili vya mchele ulioloweka usiku kucha, kikombe kimoja na robo cha tui zito, hamira kijiko kimoja cha chai, hiliki, sukari robo tatu ya kikombe. Saga kwenye blenda mpaka ukitia tone kati ya vidole usisikie punje. Funika uumuke mpaka viputo vijae juu, mimina kwenye sufuria uliyoipasha na mafuta, moto mdogo chini, mfuniko na mkaa juu. Huo haupukutiki, haukauki haraka, na kesho yake unakuwa mtamu zaidi. Mpelekee shuleni vipande viwili uone kama hataombwa na wenzake. Ila wa kununua barabarani usimpe, na vitumbua pia, maana wapo wanaoongeza kijiko cha ngano ili vishikane.

Mzee wa Kibosho

Wanangu, haya magonjwa ni ya Wazungu. Sisi tumekula maandazi tangu ukoloni. Mpe mtoto mtori na maziwa, atakuwa sawa.

BintiTanga (Majengo, Moshi)

Shikamoo mzee. Mtori ni mzuri na hauna ngano, ampe kila siku ikiwezekana, hapo tuko pamoja.

Lakini ugonjwa huu hauchagui rangi. Kati ya jamii zinazojulikana kuwa nao kwa wingi kuliko zote duniani ni Wasahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika: walipopimwa watoto wao, walionekana kuwa nao kama 5 hadi 6 katika kila 100. Sisi hatuna ngano nyingi ya jadi mezani, na vipimo tunavifikia wachache, ndiyo maana hatuusikii. Mtoto huyu ameshapimwa. Nakuomba mzee wangu usimwambie mama yake ampe andazi hata moja, kwa sababu kipande kidogo tu kinatosha kuuchokoza utumbo wake, hata kama hataumwa tumbo siku hiyo.

Mzee wa Kibosho

Marahaba binti. Hilo la Wasahrawi sikulijua. Basi nami nichangie la kwetu: ndizi mbichi zilizokatwa vipande, zikaanikwa zikakauka, zikatwangwa, ni unga. Mama zetu walikuwa wakiuhifadhi, wakapika uji. Hauna ngano kabisa. Kama mama Nuru ana mgomba nyuma ya nyumba anaweza kujaribu kwenye mkate.

BintiTanga (Majengo, Moshi)

Ahsante sana mzee, huo naujua na naupenda. Mama Nuru, toa gramu 50 za mtama weka 50 za unga wa ndizi. Usizidishe, mkate unakuwa wa kijivu na mzito. Ila ladha yake ya chini chini ni nzuri sana na siagi.

Muuguzi_Sakina (Arusha)

Mama Nuru, nakuongezea mambo mawili ya afya, mengine umeshajibiwa vizuri kuliko ningeweza.

La kwanza, kama binti ana ndugu wa tumbo moja, nao wapimwe, na ninyi wazazi pia. Ndugu wa karibu wa mgonjwa wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao, takriban mmoja kati ya kumi, na wengine hawana dalili yoyote. Lakini msiwaondolee ngano kabla ya kipimo. Kipimo cha damu kinatafuta askari wa kinga ambao mwili huwatengeneza mtu akiwa anakula gluteni. Akiacha kwanza, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa upo.

La pili, vitu vilivyojificha. Soya sosi ya kawaida ina ngano. Soseji nyingi zina ngano ya kujazia. Hingi, ile ya kwenye kopo dogo la viungo, mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano. Suji ni ngano. Poda ya kuumulia isome pakiti, maana wengine hujazia unga. Na mafuta yaliyokaanga maandazi asikaangiwe chipsi humo. Nyumbani mtengee chekeche, mwiko wa mbao na kibao chake, maana vile vya zamani vimeshika ngano kwenye nyufa na huwezi kuvisafisha vikaisha.

KatekistaWaRau (Moshi)

Tumsifu Yesu Kristo. Mama Nuru, kuhusu Komunio usihangaike, Kanisa lina utaratibu. Hostia isiyo na ngano kabisa haikubaliki, kwa sababu ni lazima iwe ya ngano. Lakini barua ya Kongregasheni ya Mafundisho ya Imani ya mwaka 2003 inaruhusu hostia zenye gluteni kidogo sana, na anayeshindwa hata hizo anaweza kupokea divai peke yake. Anapokea Kristo mzima, hakosi kitu. Barua nyingine kutoka Roma ya mwaka 2017 imerudia hayo hayo.

Nenda kamwone paroko mapema, usingoje wiki ya mazoezi, uende na cheti cha daktari. Omba apatiwe kikombe chake peke yake, ambacho padre hakutumbukiza kipande cha hostia, maana kwenye kikombe kikuu kipande hutumbukizwa. Na mwandae mtoto mwenyewe, umweleze kabla, asije akajiona ametengwa mbele ya wenzake siku ile. Nimeona mtoto akilia kwenye benchi kwa sababu hakuna mtu mzima aliyemweleza.

MamaNuru (Pasua, Moshi)

Wapendwa, sina la kuwalipa. Katekista, milele amina. Nimesoma jibu lako nikampigia simu mume wangu hapo hapo, maana hilo lilikuwa linatunyima usingizi sote wawili. Muuguzi, ana kaka yake mdogo, tutampeleka.

Dada BintiTanga, mkate wa kumimina nimeupika jana jioni. Nuru amekula vipande vitatu, akaniuliza kama ni wa kwake peke yake au ni wa wote. Nikamwambia ni wa wote, hauna ngano, kila mtu anaweza kula. Leo amepeleka shule na kikontena kimerudi kitupu.

Huu mwingine wa isabgol bado sijaugusa, kwanza sina oveni, nina jiko la mkaa na la gesi tu. Naweza? Na ukishaiva unakaa siku ngapi? Blenda yangu nayo ni ya juisi, haina kile kikombe cha viungo.

BintiTanga (Majengo, Moshi)

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Huyo mtoto mpe na chumvi kidogo kwenye kumimina wa kesho, utapunguza sukari bila yeye kujua.

Bila oveni inawezekana. Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko wa bapa, tandaza mchanga mkavu uliooshwa kiasi cha vidole viwili, uupashe dakika kumi na tano kwenye mkaa. Weka tini ya mkate juu ya mchanga, funika, pakia mkaa uliowaka juu ya mfuniko, mwingi kuliko wa chini. Wa chini uwe umeshaanza kufanya majivu. Saa moja na robo hivi, na usifunue nusu saa ya kwanza. Juu hautakuwa na rangi nzuri kama wa oveni ila ndani utaiva.

Kukaa, siku mbili, usiuache wazi. Zaidi ya hapo unakauka. Ukiwa na friza kata vipande vyote ukishapoa, funga kwenye mfuko, asubuhi unatoa viwili unavipasha kwenye kikaango kikavu. Na mtoto anywe maji ya kutosha, isabgol inavuta maji tumboni kama inavyovuta kwenye bakuli.

Kusaga nina mashine ndogo ya umeme ninayoitumia mimi tu, haijawahi kuona ngano. Jumamosi mchana huwa nimemaliza oda. Nitakutumia ujumbe wa pembeni nikuelekeze. Njoo na mchele wako ukiwa umeshaoshwa na kukauka, kilo tatu zinatosha mwezi mzima, mtama tutachambua pamoja hapa hapa. Kwa ajili ya unga njoo na ndoo mpya yenye mfuniko, usibebe kwenye ile mifuko ya unga wa ngano.